Mgomba Tuliouzika Ibaba

Nimezika watu wengi, vitani na nyumbani, lakini mgomba nimeuzika mmoja tu, na huo ndio ulionifanya mwanasheria. Nayakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita nilipanda tena Ibaba kwenda kumzika Mama Ambokile. Umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika. Msoma wasifu alisema "zaidi ya miaka tisini", kisha akanitupia jicho kama mwenye duka anayeogopa kuombwa risiti. Nilifika mapema, kama ninavyofika kila mahali, nikahesabu viti vya mstari wa mbele chini ya turubai. Kumi na vitatu. Nikarudia, kumi na vitatu. Kati ya kiti cha mchungaji na kiti cha diwani palikuwa na nafasi ya kutosha kiti kimoja, nyasi zake hazijakanyagwa, nikajiuliza nani amesahauliwa. Mshereheshaji naye alikuwa na tabu yake: hakujua aniite nani. Alianza na "Wakili", akapandisha hadi "Mheshimiwa", akajisahihisha "Mheshimiwa mstaafu", halafu akageukia ratiba yake, nadhani alikumbuka kwamba ubunge wangu ulikuwa wa kipindi kimoja na kwamba sikustaafu, nilistaafishwa na wapiga kura, baadhi yao wakiwa wamekaa pale pale. Wazee waliokuwa nyuma, karibu na moto wa kupikia, hawakupata tabu hiyo. Waliniita jina lile lile la miaka arobaini na mitano iliyopita. "Koplo amefika," walisema. "Sasa mtahesabiwa."

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata vita vya Kagera. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina cheo cha koplo, jozi moja ya buti, na mestini, bakuli la bati la askari, isiyokuwa yangu. Mestini hiyo ilikuwa ya Ambokile, kijana wa Ibaba tuliyekuwa naye seksheni moja tangu mafunzo. Alikuwa mtu wa kucheka polepole, kama anayekagua kwanza kama kichekesho kina thamani. Jeshi lilikuwa limemwandikia mama yake barua kwamba mwanawe hajulikani alipo. Barua ya namna hiyo ni mbaya kuliko ya kifo, kwa maana haikuambii ulie au upike. Mimi nilijiona mtu mwema, nikaamua kwenda kumalizia pale jeshi lilipoachia. Lori la mahindi lilinifikisha Isongole, kutoka hapo nikapanda kwa miguu, ukungu unashuka na mimi napanda, tukapishana kama watu wasiosalimiana.

Jiko la Mama Ambokile lilikuwa na mlango mfupi, ukungu ukiingia kwa chini na moshi ukitoka kwa juu, na katikati yake akakaa yeye juu ya kigoda, mjane mwembamba mwenye mikono mikubwa, anamenya viazi. Aliipokea mestini kwa mikono miwili, akaigeuza, akaona jina la mwanawe lililochongwa kwa msumari, akaiweka darini juu ya moto pamoja na mbegu zake za mahindi. Hakulia. Alinipakulia viazi na maharage, akangoja nimeze tonge la kwanza, ndipo akauliza, kwa Kiswahili chake chenye mawimbi ya Kindali.

"Kikundi chenu mlikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja, mama, pamoja naye."

"Na amekufaje?"

"Risasi, mama. Tulikuwa ukingoni mwa kinamasi, bado hatujavuka. Alifia mikononi mwangu, hakuteseka. Tukamzika pale pale, ndipo tukavuka."

"Mlipofika ng'ambo, ulihesabu watu wako?"

"Nilihesabu. Kumi na mmoja, wote kamili."

Alinitazama kwa muda wa kumenya kiazi kizima. Kisha akasema, "Kula, mwanangu, vinapoa." Lakini sikumaliza. Niliisogeza sahani pembeni, kwa sababu yale niliyomwambia yalikuwa uongo. Sisi askari tuliuita uongo wa huruma, na tuliugawa kwa akina mama kama sigara, kila mtoto alifia mikononi mwa mwenzake, hakuna aliyeteseka, hakuna aliyeachwa. Ukweli ni kwamba Ambokile sikumwona anakufa. Na upande wa pili wa ukuta, ambako walikuwa wameketi watu wa ukoo, nilisikia sauti nzito ya shemeji yake, Mzee Kajange, ndugu wa marehemu mumewe, ikisema, "Kama askari ameshuhudia, basi tuzike." Aliitoa kauli hiyo upesi mno kwa mtu aliyefiwa. Nilisikia, sikuitilia maanani.

Ukoo ule una desturi yake. Mtu akifia ugenini na mwili usipatikane, hukatwa gogo la mgomba lenye urefu wake, likavikwa nguo yake, likaviringishwa mkeka na kuzikwa kama mtu, ili roho ijue kwao ni wapi na walio hai wajue pa kulilia. Ibaba ni baridi, migomba huota kule kwa shingo upande, kwa hiyo gogo lilibidi lifuatwe bondeni. Mama mwenyewe alimtuma jirani yake Asajile, mwanamume mwenye mabega mapana aliyenizidi miaka michache. Alirudi asubuhi ya pili, mzigo umeshaviringishwa mkekani, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Nilisaidia kuubeba upande wa miguuni. Ulikuwa mzito kupita mgomba wowote niliowahi kuubeba, nikadhani ni uongo wangu unaoongeza kilo. Tukauzika. Nilitupa udongo mara tatu kama wengine, nikapewa shukrani na mahindi ya njiani, nikashuka mlima nikiwa shujaa.

Tunduma ya wakati ule haikuwa hii ya magorofa na foleni za malori kutoka mpakani hadi Mpemba, lakini hulka yake ilikuwa ile ile: kila mtu ana kitu cha kukuuzia na haraka ya kuondoka. Nilipanga chumba kwa mwanamke wa Kibemba tuliyemwita Bana Chanda, chumba cha matofali mabichi, dirisha moja, kitanda cha kamba, na harufu ya kapenta wake, dagaa wa kwao, iliyolala na mimi bila kulipa pango. Maduka ya upande wetu mwaka ule yalikuwa na rafu na mwenye duka, basi. Sabuni ilikuwa Nakonde, upande wa Zambia. Nilivuka kwa miguu, nikarudi na miche ya sabuni, nikaibadilisha kwa maharage na mchele. Na nilihesabu. Nilihesabu miche, nikairudia, nikahesabu ngazi za nyumba ya Bana Chanda ambazo zilikuwa tatu na hazikuwa na mpango wa kuongezeka. "We Koplo," Bana Chanda aliniambia akiwa anapepeta mchele, "kwenu hesabu ya kwanza inaibwa na nani?" Nikacheka. Sikumjibu, maana jibu nilikuwa nalo.

Mwezi wa nane, mchana wa jua kali, nilisikia hodi. Mama Ambokile alikuwa mlangoni, miguu ina vumbi hadi magotini, ndoo ya maharage kichwani. Bana Chanda akamsalimia, "Mulishani, ba mayo?" naye akajibu "Ndaga" ya kwao, wakaelewana vizuri kuliko mawaziri wa nchi zao. Nilimkaribisha kitandani kwa kuwa kiti sikuwa nacho. Alikikagua chumba, kuta nne, msumari mmoja, kofia yangu ya jeshi juu yake, halafu akaniuliza bei ya sabuni.

"Kwako wewe, mama, ndoo hiyo kwa miche miwili."

"Mitano."

"Mama, mitano nitakuwa nimekupa na mkono wangu."

"Mkono baki nao. Minne, na chai."

Nilimpa minne na chai. Sijawahi kushindwa biashara ndani ya chumba changu mwenyewe kwa upesi ule. Alikunywa chai yote, akageuza kikombe chini, ndipo akasema alichokuja kusema.

"Kaburi limechipua."

"Limefanyaje?"

"Limechipua. Asajile hakukata gogo, aling'oa mgomba mzima na kichwa chake cha chini chenye mizizi. Sasa una majani matatu. Watu wanamcheka mpaka anapita njia ya nyuma kwenda kanisani. Wanamwita aliyezika mbegu."

Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka. Alinieleza kwa utulivu, kidole kimoja kwa kila hoja, na nilipokuja kuwasikia mawakili wa Mahakama Kuu miaka mingi baadaye niliwaona wanapoteza maneno. Mumewe alipokufa, alibaki na shamba la bondeni kwa jina la mwanawe. Ambokile hakuwa na mke wala mtoto. Akiwa amekufa, shamba linarudi kwa Kajange, na yeye mama ni mgeni wa kuaga. Akiwa hajulikani alipo, shamba ni lake Ambokile, na mama yake ndiye mlinzi wake. Jeshi limesema hajulikani. Aliyesema amekufa ni mtu mmoja tu duniani. "Wewe," alisema, bila hasira, kama anayeonyesha mahali ndoo ilipo. Ukoo ungekaa mwezi wa kumi kugawa shamba. Lakini mwenyekiti wa kijiji ameona majani yale matatu, anasita, na kabla ya kugawa anataka kumsikia askari.

"Unataka niseme nini, mama?"

"Nataka uje. Nitakuuliza, utajibu."

Wiki moja baadaye akaja Mzee Kajange. Huyu hakuwa na vumbi, alikuwa amepata lifti. Alikaa pale pale alipokaa shemeji yake, akanisifu, akalisifu jeshi, akakisifu chumba, nikajua bei inakuja.

"Kijana, mimi sikuombi uongo," alisema. "Ulisema umemwona, sema umemwona. Neno la askari halirudi nyuma. Na mtu anayesimamia neno lake hakosi mtamba zizini kwangu."

Hapa ndipo ninapopaswa kuwa mkweli, la sivyo kalamu hii haina kazi. Sikumfukuza. Nilisikia neno mtamba, na yule mtu wa Tunduma aliye ndani yangu akaamka kabla ya yule mwingine. "Mtamba na mbuzi," nilisema.

"Na mbuzi," alisema Kajange.

"Mbuzi jike."

"Jike."

Akaaga, amefurahi. Nilibaki nimekaa kitandani na biashara yangu nzuri, na polepole ikaanza kunitia baridi. Mtu akikubali bei upesi, ujue umeuza kitu ambacho hujui thamani yake. Nilikaa nikiifanya hesabu ya shamba lile, mteremko wenye maji chini yake, mwanamke mmoja mwenye mikono mikubwa juu yake, na neno langu moja katikati. Nilimwonea aibu hata Bana Chanda, ambaye alikuwa amesikia yote kupitia ukuta na siku ile alinipakulia nshima, ugali wa kwao, bila mboga.

Baraza lilikaa palepale kaburini, mwezi wa kumi, mvua bado haijaamua. Mgomba ulikuwa umefika usawa wa kiuno, majani yake mabichi yamechanika na upepo wa mlimani, na sijapata kuona mti uliotazamwa kwa adabu namna ile. Watu walikuwa wamekaa kwa kuuzunguka, mwenyekiti wa kijiji kwenye benchi la shule, Mama Ambokile chini, amekunja miguu. Asajile alikuwa amesimama nyuma kabisa. "Asajile," mmoja akamwita, "mwaka huu ukizika mahindi, tuambie tulete mbolea." Mwingine akasema, "Mwacheni, mwenzenu anangoja mkungu." Asajile aliinamisha kichwa, akayabeba yale maneno kama alivyoubeba ule mkeka, kwa mabega.

Kajange alisimama kwanza, na alisema vizuri. "Mgomba kuota si ushahidi. Mtu mmoja amefanya uzembe, akazika kichwa badala ya gogo, kimeota. Hata muhogo ungeota. Ushahidi ni huyu hapa. Mwenyekiti, muulize askari."

"Nitamuuliza mimi," alisema Mama Ambokile, akiwa bado amekaa. "Mimi ndiye niliyempikia."

Mwenyekiti akamtazama Kajange, Kajange akanitazama mimi, kisha akatikisa kichwa kukubali, mtu asiyeona hatari kwa mwanamke asiyejua kusoma.

"Koplo, mwanangu. Kikundi chenu mlikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja, pamoja naye."

"Alikufa kabla hamjavuka, au mlipokwisha kuvuka?"

"Kabla."

"Mlipofika ng'ambo, ulihesabu ukapata wangapi?"

Nilifungua mdomo, na ile sentensi ilikuwa tayari mlangoni, imevaa buti, kama siku zote. Ndiyo niliyompa kamanda wangu alfajiri ile, ndiyo niliyompa yeye mama jikoni kwake, na ndiyo niliyokuwa nikijirudia kitandani Tunduma badala ya kulala. Kumi na mmoja, wote kamili. Nikaisikia kwa mara ya kwanza. Kumi na mmoja, mmoja amekufa, tumefika kumi na mmoja. Mwanamke huyu aliisikia tangu tonge la kwanza la viazi, akakaa nayo miezi yote ile, akanibadilishia maharage kwa sabuni, akanywa chai yangu, na hakunidai chochote ila jibu. Aliniuliza mbele ya watu ili nichague mwenyewe. Ningeweza kusema kumi. Kumi ingenipa mtamba na mbuzi jike. Kumi lilikuwa neno fupi.

"Kumi na mmoja," nilisema. Kisha nikasema yaliyobaki, kwa sababu ukishatoa gogo la kwanza daraja lote huanguka. "Tulivuka alfajiri, mvua inanyesha, kila mmoja ameshika mkanda wa mwenzake aliye mbele. Hakukuwa na risasi. Ng'ambo nilihesabu kwa kugusa mabega, mara moja tu, kwa sababu nilikuwa nasikia baridi na nilitaka kumaliza. Nikapata kumi na mmoja, nikatoa taarifa tumekamilika. Mchana ndipo tulipoona kwamba bega moja lilikuwa la askari wa seksheni nyingine aliyepotea njia. Niliomba kurudi, nikakatazwa. Ambokile sikumwona amekufa. Sikumzika. Sikumwona."

 Upepo ulipita kwenye majani ya mgomba, yakapigana makofi. Mama Ambokile alikuwa anachora udongoni kwa kidole, mistari midogo, na nilipoona ni kumi na mmoja nikaangalia pembeni.

"Ungehesabu mara mbili?" aliuliza.

"Ningejua amebaki, mama. Tulikuwa bado karibu."

Alifuta mistari yote kwa kiganja. "Basi," alisema. "Mwenyekiti, mimi nimemaliza na shahidi."

Mwenyekiti hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema hakuna aliyemwona maiti, jeshi halijasema maiti, na hata kaburi lenyewe halijakubali. Shamba libaki kwa mwenyewe, mama yake alilinde, hadi ipatikane habari. Kajange alinyanyuka, akajipukuta suruali, na alipopita karibu nami akanong'ona, kwa sauti ya mfanyabiashara kwa mfanyabiashara, "Na mbuzi umempoteza." Nilimwambia najua. Ajabu ni kwamba sikusikia uchungu. Katika maisha yangu yote ya kununua na kuuza, hiyo ndiyo hasara niliyoibeba nyumbani bila kulemewa.

Nilitegemea Mama Ambokile anifukuze. Nilikuwa nimemnyima mwanawe mara mbili, kwanza kinamasini, kisha kwa kumzika. Aliniita jikoni. Mestini ilikuwa bado darini, imeshika masizi. Alinipakulia viazi na maharage, lundo lile lile, akakaa mbele yangu.

"Sasa kula. Siku ile hukumaliza."

Nikala. Alingoja hadi nifute sahani.

"Koplo, kujibu hujui," alisema. "Unajibu kabla ya kufikiri. Kuuliza je? Hebu jaribu kazi ya kuuliza."

Sijapata ushauri wa kazi mfupi kuliko huo. Nilirudi Tunduma, nikauza miche yangu ya mwisho, nikanunua vitabu vya kidato cha tano vilivyokwisha kusomwa na watu wawili kabla yangu, na Bana Chanda akanipandishia pango kwa kuwa nilikuwa namaliza mafuta ya taa. Iliyobaki ni miaka, na miaka sitaieleza yote. Nikawa wakili. Ofisi yangu ilikuwa Vwawa, na wateja wangu wengi watu wa kahawa na mipaka ya mashamba. Sikuwa na sauti kubwa mahakamani, nilikuwa na swali moja tu nililolibadilisha nguo kila kesi: wewe mwenyewe ulimwona? Mzee mmoja wa Nanyala, aliyekuja kutoa ushahidi juu ya jirani yake, alinisikia nikimuuliza mara ya tatu akamgeukia hakimu: "Mheshimiwa, huyu wakili ana tatizo la macho?" Hakimu alicheka, kesi nikashinda.

Ubunge nao ulikuja kwa njia hiyo hiyo. Nilipogombea, wapinzani walisema mimi mtu wa Tunduma, mchuuzi wa mpakani, nafuata nini milimani. Mama Ambokile, mzee tayari, alisimama kwenye mkutano wa Ibaba bila kuitwa. "Huyu asipoona, anasema hajaona," alisema. "Mnaye mwingine?" Akakaa. Nilipita. Miaka mitano nikakaa bungeni nikihesabu madarasa, zahanati na vifaranga vya miradi, mara mbili mbili, na mawaziri wakanichoka kwa utaratibu. Uchaguzi uliofuata niliulizwa kwenye jukwaa lile lile kama barabara ya lami inakuja. Nikasema sijauona mkataba wala greda. Mwenzangu akasema yeye ameiona, inakuja, ameiona kwa macho yake. Watu waliiona pamoja naye. Matokeo yalipotoka niliomba kura zihesabiwe upya, si kwa kulalamika, kwa mazoea tu. Hesabu ya pili ikanipunguzia nne. Nikatia sahihi. Nadhani ni mimi peke yangu katika nchi hii niliyeshindwa uchaguzi nikaenda nyumbani nimeridhika na hesabu.

Ambokile hakurudi. Nalisema hivyo hivyo, maana ndivyo ninavyolijua: hakurudi. Mama yake alilima shamba la bondeni hadi mgongo ulipokataa, na wosia wake niliuandika mimi, mashahidi wanane mahali ambapo sheria ingetosheka na wanne. Shamba alimwachia mjukuu wa kike wa Kajange, aliyemuuguza. Mgomba wa kaburini ukazaa, ukakatwa, wana wake wakazaa, na kila niliposhuka kutoka Ibaba nilifungashiwa kichane.

Mwezi uliopita, walipokuwa wanamalizia kuchimba, karibu na mgomba ule ule kama alivyoagiza, Asajile alinivuta mkono. Ni mzee sasa, mabega yamebaki mifupa, na bado kuna watoto Ibaba wanaomjua kwa jina la aliyezika mbegu tu. Tulisimama nyuma ya turubai.

"Koplo, nina neno nimelibeba. Aliniapisha nisilitoe akiwa hai."

"Litoe."

"Sikukosea mimi. Siku ile uliposema yako jikoni, ukaenda kulala. Asubuhi, kabla hajanituma bondeni, aliniita. Akasema, 'Asajile, usikate. Ng'oa na kichwa chake, uviringishe huko huko, mtu asikione.' Nikamuuliza kwa nini. Akasema, 'Yule askari hesabu yake haikai. Mwanangu sitamzika kwa hesabu isiyokaa. Nitampanda.'"

Nilikaa chini kwenye jiwe. Miaka arobaini na mitano nimejisifu kwamba kesi yangu ya kwanza ilianzia kwenye baraza lile, mwezi wa kumi. Kumbe ilifunguliwa siku ya mazishi, mbele ya kijiji kizima, na kielelezo nilikibeba mimi mwenyewe, upande wa miguuni, nikilalamikia uzito.

"Na wewe ukakubali kuchekwa miaka yote hii?"

"Ningesema, Kajange angeung'oa," alisema Asajile. "Na baadaye nikawa nimeshazoea. Lakini Koplo, wajukuu zangu pia wanachekwa. Waambie watu. Wewe wanakuamini."

"Asajile, mimi sikumwona akikuambia."

"Najua hukumwona." Alinitazama kwa uso wa mtu aliyezika na kungoja. "Ndiyo maana nakuomba."

Mshereheshaji alipoita salamu za mwisho, nilikwenda mbele kabla hajaamua aniite nani. Nikashika kipaza sauti. Niliwaambia habari ya Ambokile, ya kinamasi, ya kumi na mmoja, ambayo wazee waliijua na vijana hawakuijua. Kisha nikasema jambo ambalo sijapata kulisema mahakamani, wala bungeni, wala kwa mke wangu. "Hili linalofuata sikuliona kwa macho yangu," nilisema. "Nimeambiwa na Asajile, na nimemwamini." Nikalieleza lote, na kichwa cha mgomba, na kiapo. Kutoka kwa akina mama walio karibu na moto kikaanza kicheko, kile kizuri, kinachopanda kutoka tumboni, kikapita chini ya turubai mstari hadi mstari hadi mchungaji mwenyewe akashika miwani yake.

Asajile hakucheka. Aliinama, akakibeba kiti chake kutoka nyuma, akapita nacho katikati ya watu bila haraka, akakiweka mbele, kati ya mchungaji na diwani, akakaa. Nikahesabu. Kumi na vinne. Sikurudia.